Mkono ulioinuliwa Kerege

Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba 2025 tulitoka Mwenge kwa baiskeli saa kumi na moja na nusu alfajiri tukiwa watu 13. Tuliporudi Tegeta tulikuwa 12, na hakuna aliyejua. Aliyegundua ni mama muuza chai. Alfajiri tulipopita tulikuwa tumemwambia atutengee vikombe 13, naye akatenga. Tulipokwisha kukaa, chapati zimefika na kelele zimeanza, akauliza: "Hiki kikombe kimoja cha nani?" Tukatazamana. Meza hiyo ilikuwa na watu wawili wenye shahada za uzamivu, mmoja akiwa na ya hisabati, na bado aliyejua idadi yetu alikuwa mama wa jiko la mkaa.

Nimeombwa na wenzangu niandike kisa hiki kwa sababu mimi ni mtu wa maktaba na kazi yangu ni kutunza kumbukumbu. Hawajui vizuri kwamba mimi pia ni mtuhumiwa. Nitafika huko.

Kikundi chenyewe

Sisi ni watumishi wa chuo kikuu kimoja cha hapa Dar es Salaam. Tulianza watu wanne, shabaha ikiwa kupunguza vitambi, tukawa tunazunguka ndani ya eneo la chuo, kisha Mwenge, kisha Tegeta. Taratibu tukaongezeka: wahadhiri, watu wa utawala, mwanasheria, fundi sanifu wa maabara, mhasibu. Karibu wote tunaendesha baiskeli za mbio za mtumba, zile zinazoshushwa kwenye makontena kutoka Ulaya na Japani, usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi membamba, uzito kilo tisa au kumi. Fundi sanifu peke yake ana Phoenix ya chuma, gia moja, karia nyuma, stendi chini, kengele inayolia kweli. Hiyo inakaribia kilo 20, na ameiendesha tangu kabla baadhi yetu hatujaajiriwa.

Tulijisifu kwamba hatuna katiba, hatuna ada, hatuna mwenyekiti. "Hatuna masharti, njoo tu," ndiyo kauli tuliyowapa wageni. Nilipokaa kuandika habari hii ndipo nilipoona tulivyojidanganya. Siku ya kuendesha ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo mwenzetu Msabato wa idara ya takwimu, ambaye alinunua baiskeli kabla yangu, hajawahi kuja hata mara moja. Nani alipanga Jumamosi? Hakuna anayekumbuka. Safari ya kwenda wapi ilitangazwa Ijumaa jioni kwenye kundi la WhatsApp na mtu yule yule, kwa maneno mawili: "Kesho Bunju." Sisi wengine tulijibu kwa dole gumba. Na kasi iliamuliwa na aliye mbele, na aliye mbele siku zote alikuwa Profesa.

Profesa ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke mapema. Ana miaka 58, mwembamba kama mwanzi, alijifunza kuendesha alipokuwa masomoni Ulaya na hakuacha. Akifika Mwenge tunamwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo Prof," huku tumevaa helmeti na vikaptula vya kubana, naye anaitikia "Marahaba, marahaba, twendeni." Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza. Tulidhani tumeuacha ukubwa wa ofisini getini, kumbe tumeupakia kwenye karia.

Siku yenyewe

Lazima niitaje Kigali. Jumapili iliyotangulia, tarehe 28 Septemba, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yamemalizika Rwanda, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tulikuwa tumekusanyika kutazama. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilomita 267 na nusu kwenye vilima vile, na waendeshaji wengi mno walishindwa kumaliza. Wiki nzima hatukuwa na habari nyingine. Ijumaa jioni ujumbe ukaja: "Kesho Bagamoyo." Kutoka Mwenge ni kama kilomita 60, na kurudi 60 nyingine. Madole gumba yakamiminika. Kila mmoja wetu alikuwa Mslovenia.

Mhasibu alikuwa ametoka nasi kwa miezi minne, lakini mwisho wake ulikuwa Bunju. Bagamoyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Akauliza kwenye kundi, "Mwendo utakuwaje?" Akajibiwa, "Wa kawaida tu dada, usiogope."

Kwenda kulikuwa raha tupu. Hadi Tegeta ni kupenya kwenye vizuizi vya ujenzi wa njia ya mwendokasi, kukwepa mchanga na malori ya saruji ya Wazo. Baada ya Bunju barabara inafunguka, unavuka Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege, Zinga. Upepo wa kusi, ingawa msimu wake ulikuwa ukingoni, ulitusukuma mgongoni, na kila mtu aliamini ni miguu yake. Mhasibu alifika Bagamoyo akicheka. Tukapiga picha mbele ya Ngome Kongwe. Katika picha ile tuko 13, nimezihesabu helmeti mara tatu.

Saa tatu tukageuza. Sasa kile kilichokuwa mgongoni kikawa usoni, na jua limepanda. Profesa aliongoza kama kawaida. Nyuma yake alikaa mhadhiri msaidizi anayesimamiwa naye shahada ya uzamivu, kisha wengine, kisha mimi wa kumi na moja. Nyuma yangu mhasibu.

Fundi sanifu hayumo katika mstari huo. Alikuwa ameondoka Bagamoyo nusu saa kabla yetu, "nitawatangulia kidogo," na tulimpita karibu na Zinga, tukapunga, akapiga kengele. Kumbuka hilo.

Kerege, mahali penye mikorosho karibu na barabara, niligeuza shingo. Mhasibu alikuwa mita 40 au 50 nyuma, ameinua mkono wa kushoto juu kabisa. Katika lugha ya waendesha baiskeli mkono huo maana yake ni "nina tatizo, simameni". Mimi hakuna aliyewahi kunifundisha. Nilidhani anasema nendeni, nakuja. Nikampungia, nikainama, nikakazana kumfikia mwenzangu aliye mbele kwa sababu nami nilikuwa naachwa.

Alikuwa na pancha gurudumu la nyuma. Alitembea akikokota baiskeli hadi kwa fundi aliyekaa chini ya mti na pampu yake ya mguu. Fundi alikuwa na solusheni, na viraka, na nia. Akaziba vizuri. Ikabaki kujaza upepo, pampu ikakataa. Tyubu za baiskeli zetu za mbio zina mdomo mwembamba, na pampu za mafundi wengi wa barabarani ni za mdomo mnene. Kuna kidude cha shaba kidogo kama kifungo cha shati cha kuunganisha hivyo viwili. Kila mmoja wetu anacho mahali fulani nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwambia mgeni yeyote kwamba anakihitaji.

Fundi sanifu? Alipita wakati baiskeli imepinduliwa nyuma ya mti, hakumwona.

Akapiga simu. Mbili zilikuja kwangu. Nilizikuta Tegeta, baada ya swali la kikombe, zimelala kwenye skrini: saa tatu na dakika 52, saa tatu na dakika 58. Nilikuwa nimeizima sauti ili isinisumbue njiani. Tulipompigia hakupokea. Alikwishasimamisha daladala la Bagamoyo kwenda Makumbusho, konda akamtoza nauli ya watu wawili, mmoja akiwa baiskeli.

Saa saba kasoro ujumbe ukaingia: "Nimefika nyumbani salama. Asanteni kwa kampani." Kisha mstari mdogo wa kijivu unaosema ameondoka kwenye kundi. Pole zikaanza kumiminika kwa mtu ambaye hayupo. Profesa akaandika: "Siku nyingine abebe tyubu ya akiba." Madole gumba manne. Moja langu.

Hesabu ya upepo

Kwa wiki moja maelezo yaliyokubalika yalikuwa hayo: hakubeba tyubu. Ni kweli hakubeba. Lakini tyubu inaeleza pancha, haielezi kuachwa, na mwenzetu wa uhandisi ndiye aliyetufungua macho ubaoni, kwa chaki.

Kwenye barabara tambarare, ukishavuka mwendo wa kilomita 20 kwa saa hivi, adui mkubwa ni hewa. Nguvu unayohitaji kuipasua inakua kwa mchemraba wa kasi. Kutoka 25 kwenda 30 kwa saa, ambako mbele kunasikika kama "tumeongeza tano tu", kunadai asilimia 73 zaidi ya nguvu ile. Weka na upepo wa usoni. Ukienda 25 dhidi ya upepo wa kilomita 10 kwa saa, hewa inakugonga kama uko 35, na msukumo wake unakuwa karibu maradufu ya siku isiyo na upepo.

Sasa mtu aliyeshikamana na gurudumu la mwenzake anakingwa. Anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu. Kadiri unavyoachwa ndivyo kinga hiyo inavyoyeyuka. Maana yake aliyechoka, akishapoteza hatua kumi, anatakiwa kufanya kazi kubwa kuliko wale waliomchosha, ili awafikie tu, na wao wamekingana. Mwenye nacho huongezewa. Kwa hiyo mtu wa mwisho wa mstari haachwi pole pole. Ananing'inia, ananing'inia, kisha uzi unakatika mara moja, na aliye mbele yake hasikii chochote zaidi ya upepo masikioni.

Mhandisi aliongeza jambo ambalo binafsi lilinichoma. Mtu anayetakiwa kumtazama wa nyuma lazima awe na nguvu ya ziada ya kupunguza na kumrudia. Sisi tuliweka nyuma wale wasio na nguvu hiyo, mimi na mhasibu, halafu wenye nguvu zote wakakaa mbele wakishindana na Pogačar. Hakuna aliyepanga hivyo. Kasi ilitupanga yenyewe, kama pepeto linavyotenga punje na makapi.

Chini ya mwembe

Tulikutana Ijumaa iliyofuata, nyuma ya jengo la maabara. Mwanasheria alikuja na rasimu ya katiba, kurasa tisa, yenye kifungu kuhusu akidi ya mkutano mkuu wa mwaka na kingine kuhusu rangi ya fulana. Alikuwa amefika kwenye "tafsiri ya maneno" fundi sanifu aliponyoosha mkono. Mzee huyu hasemi sana.

"Mimi mnaniacha kila wiki," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Nikiona Bunju mmeshapotea, narudi zangu. Mara ngapi nimepata pancha? Sijui, nyingi. Lakini mimi mwanamume, nina solusheni mfukoni, na pampu yoyote inanikubali. Basi hamkuona."

Kukawa kimya. Huo ndio moyo wa kisa hiki kwa maoni yangu. Tulikuwa tunachambua ajali ya siku moja, kumbe kikundi kilikuwa kinaangusha mtu kila Jumamosi, na kilichotufanya tusijue ni ustahimilivu wa aliyeangushwa. Na ile "nitawatangulia kidogo" ya Bagamoyo haikuwa mbwembwe. Alikuwa ameshajifunza kwamba njia pekee ya kuwa nasi ni kuanza kabla yetu.

Baada ya hapo ulimi ukalegea kwa wengine. Mhadhiri msaidizi akakiri kwamba kwa miezi mingi anaendesha juu ya uwezo wake, na mara mbili amefika nyumbani akatapika. Mtu akamuuliza kwa nini hakusema apunguziwe. Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Utamwambiaje msimamizi wako apunguze, na sura yako ya nne iko mezani kwake?"

Profesa alikuwa pale pale. Uso ulimbadilika. "Mbona hamkuniambia?" aliuliza, na nina hakika aliuliza kwa dhati. Ni mwalimu wa historia, mtu wa rika lake, aliyemjibu: "Tungekuambiaje, Prof? Uko mbele."

Huyo mwalimu wa historia ndiye aliyetuokoa na zile kurasa tisa. Alitukumbusha Bagamoyo tuliyoiendea ilikuwa mji gani. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi ilishuka kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, watu mamia kwa mamia, wamebeba pembe. Mbele alitangulia kirangozi, aliyevaa vazi la kuonekana kwa mbali, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Nyuma walikaa wanyapara, wakikusanya waliolemewa. Misafara ile ilikuwa na ukatili mwingi ambao hatuna sababu ya kuuiga, alisema, lakini watu waliotembea miezi mitatu kwa miguu walijua kwamba mstari mrefu una kichwa na mkia, na vyote viwili vinahitaji mtu.

Tukakubaliana. Kirangozi awe fundi sanifu na Phoenix yake. Mkia apewe mwenye miguu mizuri kuliko wote, yaani Profesa. Jina la mnyapara lilikataliwa na wengi, limeshanuka kazi ya sulubu na jela, tukasema "mkia" basi. Kabla ya kuondoka kila kituo tunahesabiana kwa sauti. Mkono juu maana yake wote tunasimama. Na kila mgeni anapewa kile kidude cha shaba.

Yaliyofuata

Profesa alikaa mkiani Jumamosi mbili. Ya kwanza alirudi ameshangaa. Aliniambia hajawahi kuona migongo yetu, na kwamba baiskeli yangu siti iko chini mno, ndiyo maana magoti yananiuma. Nikaipandisha, magoti yakapona. Ya pili alikuwa kimya. Ya tatu hakuja. Kwenda na Phoenix ni kilomita 20 kwa saa, labda 22, na kwa mtu kama yeye hiyo ni kama kumwambia mwanakwaya anong'one. Sasa yeye na wengine watatu wanatoka saa kumi na moja kamili, wanarudi wakati sisi tunakunywa chai, wanapita wakipunga. Wapo wanaosema tumekivunja kikundi. Mimi naona vilikuwa viwili siku zote, ila kimoja kilikuwa kinalipia kingine. Hata hivyo simlaumu anayeona tulipoteza kitu; mazungumzo ya mezani yalikuwa matamu zaidi Prof akiwepo. Mhadhiri msaidizi yuko na sisi. Sura ya nne imepita.

Lile la Msabato bado. Tumelizungumza mara mbili, Jumapili ina misa na kwaya, tumeliacha kiporo. Ni aibu, lakini ndivyo lilivyo.

Kwa mhasibu walikwenda watu wawili kwa nyakati tofauti. Profesa alikwenda Jumatatu baada ya kikao, ofisini, na zawadi: tyubu mbili na pampu nzuri ya mkono. Alipokea kwa mikono miwili. "Asante Prof, shikamoo." Ziko kwenye droo yake mpaka leo, hajazitoa kwenye mfuko. Mimi nilikwenda Jumatano na sikubeba kitu. Nilimwambia kuhusu mkono, kwamba niliuona. Alinitazama kwa muda.

"Najua uliuona," alisema. "Ulinipungia."

Sikuwa na la kusema. Akarudi kwenye hati zake za malipo, nami nikasimama pale kama mtu anayesubiri posho, kisha nikaondoka.

Jumamosi moja, wiki chache zilizopita, tulifika Tegeta tukamkuta. Baiskeli yake imeegemezwa kwenye nguzo, ina vumbi la njia ndefu, yeye yuko nusu ya kikombe. Alikuwa ametoka kwake mapema, akaenda hadi Mapinga peke yake na kugeuza. Kwenye usukani amefunga kile kidude cha shaba kwa uzi mwekundu, sijui alikitoa wapi. Tukasalimiana, tukasogezewa mabenchi. Fundi sanifu akanawa, akasimama, akaanza kuhesabu kama kawaida. Moja, mbili, tatu. Alipomfikia akasita na kidole hewani.

"Mimi msinihesabu, baba," alisema mhasibu, akimega chapati. "Sikuja na nyinyi."

Mzee akaruka kidole kwa aliyefuata. Mama muuza chai, bila kuuliza, akamwongezea mhasibu chai.